Mluzi Niliokataa Kuuzika

Haya yalinipata mimi, kwa macho na masikio yangu. Nayasema mapema kwa sababu najua watu. Utasoma mpaka katikati halafu uanze kujiuliza kama huyu mama alikuwa na malaria, au alilala na njaa akaota. Malaria sikuwa nayo, maana huku kwetu baridi imefukuza hata mbu. Nilikuwa nimekula vizuri, nilikuwa macho, na wala haikuwa usiku wa manane kama mnavyopenda kusimuliwa. Ilikuwa saa kumi jioni, saa ya chai, na mkononi nilikuwa na ndoo ya viazi.

Tunakaa juu ya Mau Narok, pale mashamba ya ngano yanapoishia na msitu unapoanza. Ni msitu wa mitarakwa, ile mierezi ya mlimani ambayo magome yake yanachunika nyuzi nyuzi na mbao zake zinanukia ukizipasua. Nguzo za ua wetu ni za mtarakwa, kuta za nyumba ni za mtarakwa, na jeneza la baba lilikuwa la mtarakwa. Ndani ya msitu kuna uwazi wenye nyasi nzuri, na huko ndiko tunakolisha ng'ombe. Shida yetu ni ukungu. Ukiamua kushuka unashuka kwa dakika chache tu, na hapo huwezi kumwona ng'ombe hata akiwa anapumua karibu yako.

Ndiyo maana kila boma huku lina mluzi wake. Ng'ombe wanaujua mluzi wa kwao na watoto wanaujua. Ukungu ukishuka, utasikia miluzi ya maboma saba au manane ikipigwa kwa pamoja, na kila mnyama anageuka kuelekea kwake bila kukosea. Mgeni akisikia hudhani ni ndege. Halafu kuna jambo moja. Mwenye mluzi akifa, mluzi wake haupigwi tena. Hakuna sherehe yoyote. Siku ya mazishi, watu wakishakula na kutawanyika, familia inakaa jikoni na kuchagua mluzi mwingine, na ule wa marehemu haupigwi na mtu yeyote tena, hata kwa mzaha. Kwa nini? Hakuna aliyenieleza, na mimi ni mtu wa kudai sababu ya kila kitu. Nisipopewa sababu, sifanyi.

Mluzi wa baba ulikuwa na sauti tatu za kupanda na moja ndefu ya kushuka. Jino lake la mbele liling'olewa kwa teke la ng'ombe kabla sijazaliwa, kwa hiyo ile sauti ya mwisho ilikuwa inavujisha upepo kidogo penye pengo. Huo ndio ulikuwa wa kuita ng'ombe. Akitaka kumwita mama, aliongeza mbili fupi mwishoni, na mama alijua ni chai. Akiniita mimi, aliongeza moja ndefu. Nilipofika miaka kumi na miwili nilimwambia aache, wasichana wenzangu wananicheka. Akaacha.

Baba alikufa msimu wa kupanda viazi, miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Nilikuwa Njoro, nina kibanda cha kupikia wanafunzi chapati na maharagwe, nikakifunga nikarudi nyumbani kumtunza mama na ng'ombe wanne. Siku ya mazishi tuligawa nguo zake kama inavyotakiwa. Kabuti lake la kijani lenye kiraka begani alilichukua mjomba wa Kariandusi, akalivaa papo hapo kwa sababu ya baridi, akaondoka nalo. Likumbuke hilo kabuti. Jioni tukachagua mluzi mpya, mama na mimi, sauti mbili fupi na moja ya kupanda.

Ng'ombe watatu waliuzoea kwa wiki moja. Wa nne, Neema, alikataa. Neema alikuwa ng'ombe wa baba hasa, alimlea kwa chupa, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Nilimpigia mluzi mpya mpaka midomo ikakauka, naye anatafuna tu akiniangalia. Siku moja ukungu umeshuka na mvua iko nyuma yake, nikachoka. Nikapiga mluzi wa baba. Neema akaja mbio, tumbo likiyumba.

Basi nikaendelea. Ningefanyaje, nimwache mnyama mwenye mimba alale msituni na fisi? Nilipiga kila jioni, tena kwa sauti. Jirani yetu, Mama Chebet, mwanamke mwenye maneno mengi na roho nzuri, alinisimamisha kwenye kisima.

"Ni wewe unapiga hiyo mluzi ya mzee?"

"Ni mimi. Neema hasikii ingine."

"Na mzee si alizikwa?"

"Alizikwa. Sasa niuze ng'ombe juu ya mluzi?"

"Afadhali uuze," akasema. "Mimi sikutishi, mathe. Lakini hiyo kitu huachwa. Huko ndani kuna masikio."

Nikamuuliza masikio ya nani. Akasema hajui ni ya nani, ila yapo. Nikacheka, niamini, nikacheka kabisa, nikabeba maji yangu nikaenda.

Sasa, huku kuna ndege mmoja mdogo, kifua chake ni rangi ya chungwa na ana mstari mweupe juu ya jicho. Huyo ni mwigaji. Ataiga kuku wako, ataiga mlio wa simu ya jirani mpaka watu watatu wapapase mifuko. Hatumwogopi, tunampenda. Kwa hiyo niliposikia mluzi wa baba ukipigwa kutoka kwenye mitarakwa ya nyuma ya zizi, nilijua ni yeye. Nilimwita mama aje asikie. Tukasimama mlangoni tukitabasamu kama wajinga.

Siku ya tatu ndipo niligundua kitu. Mimi meno yangu yapo yote, mluzi wangu ni safi. Huu wa msituni ulikuwa na ule upepo wa pengo mwishoni. Nikajiambia labda ndege aliujua tangu baba akiwa hai. Si inawezekana? Nikaridhika. Kesho yake, saa kumi, ukapigwa tena, na mwishoni zikaongezwa mbili fupi. Mama alikuwa anamimina maziwa. Aliyamimina nje ya sufuria mpaka yakafika mlangoni, wala hakuyaona.

Baada ya hapo mama alibadilika, na ninajilaumu kwa sababu nilidhani amepona. Mwanamke aliyekuwa halali wala hali akaanza kujifunga kile kitambaa chake kizuri cha kichwani. Akawa anaimba jikoni. Kila siku saa kumi ananiambia anaenda kwa Mama Chebet, mimi nami niko shambani nachimba viazi, nafurahi kwamba hatimaye anatembea. Siku tano nzima. Mtu mzima na akili zangu, sikuuliza hata mara moja.

Siku ya sita ukungu ulishuka mapema, nikaacha kuchimba. Nilirudi na ndoo moja. Mbele kidogo ya lango nikakutana na Mama Chebet anaswaga mbuzi wake kurudi nyumbani.

"Mama ako yuko aje?" akauliza. "Wiki mzima sijamwona."

Nikaingia jikoni. Moto ulikuwa umefunikwa vizuri na majivu, kama mtu anayejua atachelewa. Gambuti zake, viatu vya mpira vya shambani, zilikuwa mlangoni, lakini viatu vya kanisani havikuwepo. Chupa ya chai haikuwepo. Na kwenye rafu, vikombe vya bati vilivyotoweka vilikuwa vitatu. Hapo ndipo nilijua chai ni ya nani. Unajua kwa nini? Baba hakuweza kunywa chai ya moto. Maisha yake yote aliihamisha kutoka kikombe kimoja hadi kingine, juu chini, mpaka ipoe, na wageni walimcheka. Mama alikuwa amebeba kikombe kimoja chake na viwili vya mzee.

Nikatoka mbio, hata ndoo sikuitua. Sijui kwa nini. Ua wetu una mwanya unaoingia msituni, na kwenye matope nikaona alama za visigino vya viatu vya kanisani. Nilizifuata nikiita, "Mama! Mama!" na ukungu unameza. Kitu cha kwanza kilichonitisha kilikuwa ukimya. Msitu wetu saa kumi hauna ukimya. Kuna njiwa, kuna wale wakubwa wenye mabawa mekundu wanaobweka mvua ikikaribia, kuna yule mwigaji wetu. Siku hiyo hata jani halikulia. Nilisikia matone tu yakianguka kutoka kwenye mitarakwa.

Nilipofika kwenye uwazi nikajua kwa nini kulikuwa kimya. Ndege wote walikuwa chini. Walisimama kwenye nyasi zenye maji, mamia, njiwa, shomoro, wale wa mabawa mekundu ambao hawashuki chini hata siku moja, na kati ya njiwa alisimama mwewe, hakuna anayemjali mwenzake. Hawakuruka nilipopita. Walisogea tu kidogo, wakanipa njia, na njia ile ilinipeleka moja kwa moja kwenye kisiki cha mtarakwa alichokikata baba mwenyewe zamani.

Mama alikuwa ameketi kwenye kisiki. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa chapachapa, maji yanamtiririka usoni, naye hayapangusi. Alikuwa anacheka kwa sauti ndogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, cha msichana. Kando yake alikuwa ameketi mwanamume, amenipa mgongo. Alikuwa amevaa kabuti la kijani lenye kiraka begani.

Lile kabuti lilikuwa Kariandusi. Nilijua liko Kariandusi. Na hili lilikuwa kavu, hakuna tone hata moja juu yake, katika ukungu uliokuwa umelowesha kila kitu mpaka mifupa yangu. Chini, kwenye nyasi, kulikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja kimefunikwa kifudifudi. Kingine alikuwa nacho mama, na cha tatu kilikuwa mkononi mwa yule, kinatoa mvuke.

Nikasema, "Baba?" Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Hakugeuka kama mtu. Alipindisha kichwa upande mmoja, mabega yametulia kabisa, akanitazama kwa jicho moja. Umewahi kutazamwa na kuku anayepima kama ulichobeba ni chakula? Uso ulikuwa wa baba. Ndevu za baba, pengo la baba. Jicho lilikuwa duara na halikupepesa. Kisha akapiga mluzi, na midomo haikujikunja. Kinywa kilifunguka kidogo tu, na koo ndilo lililokuwa linatetemeka, linapanda na kushuka chini ya ngozi. Sauti tatu za kupanda, moja ya kushuka na upepo wake. Halafu ile moja ndefu. Yangu. Ambayo hakuna aliyeipiga tangu nina miaka kumi na miwili.

Nikuambie ukweli ambao ninauonea aibu? Nilitaka kwenda. Ndoo ilianguka, viazi vikatawanyika kati ya ndege, na miguu yangu ikaanza kutembea yenyewe. Sikuwa na hofu tena. Nilikuwa na furaha ya mtoto anayeitwa nyumbani giza likiingia. Ningefika na kuketi upande wa pili, na leo usingekuwa unasoma hii. Kilichonizuia ni viatu vya mama. Viatu vile alivinunua kwa harusi ya binamu yangu, anavipangusa hata vikiwa safi, na sasa vilikuwa vimezama kwenye matope mpaka kwenye vifundo naye hajali. Nikajua yule anayecheka pale amekwisha kuwa nusu tu ya mama yangu.

Ningemwambia nini? Kwamba huyu si mume wako? Ningemvuta mkono? Nilimjua mama. Kijijini kote, ng'ombe akishindwa kuzaa, anaitwa yeye. Amewahi kutoka kanisani katikati ya maombi kwa sababu ya ng'ombe wa mtu mwingine. Nikakusanya pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Mama! Neema anazaa! Ndama imetanguliza miguu ya nyuma!"

Kicheko kikakatika. Mama akanitazama kana kwamba nimemwamsha usingizini, na hapo hapo akakasirika.

"Tangu saa ngapi? Na wewe umesimama hapo tu?"

Akang'oa viatu kwenye matope, akaanza kukunja mikono ya sweta. Kisha akafanya ambalo sitalisahau mpaka niingie kaburini. Akaanza kukusanya vyombo. Alichukua chupa, akachukua kikombe kilichofunikwa, akanyoosha mkono kwa yule achukue cha tatu. Yule hakuachilia. Vidole vilikuwa vimekizunguka kikombe mara moja na nusu, virefu hivyo.

"Achilia kikombe," mama akamwambia, kwa sauti ya kumkanya mtoto.

Akaachilia. Tukaondoka, mama mbele akiniuliza maswali ya uzazi, mimi nyuma yake nikidanganya, na ndege wakitufungulia njia. Nyuma yetu mluzi ukaanza. Ulipigwa bila kupumzika mpaka kwenye ua, na haukuwa unabaki nyuma.

Zizini Neema alikuwa amesimama mzima, masikio yamesimama pia. Hakuwa anazaa chochote. Mama alimwangalia, akaniangalia, akaelewa. Ndipo mluzi ukapigwa hapo hapo nje ya ua, ule wa ng'ombe, wa kwake. Neema alivunja fito za mlango kwa kifua. Nilishika kamba kwa mikono miwili, ikanikwaruza mpaka nyama ikaonekana, nami nalia, namwita baba, namwita Yesu, sijui namwita nani.

"Mwachilie," mama akasema.

"Mama, ana ndama!"

"Lazima mmoja wetu wa hapa aende. Mwachilie."

Nikafungua mikono. Neema hakukimbia. Alitembea polepole kwa ule mwendo wa mimba yake, akapita kwenye mwanya wa ua, na ukungu ukamfunika. Mluzi ukanyamaza.

Asubuhi Mama Chebet alikuja na watu wa maboma manne. Walifuata nyayo mpaka kwenye uwazi. Nyayo za Neema ziliingia, zikafika katikati, kwenye matope laini ya kuonyesha hata ukwato wa mbuzi, zikaisha. Hakuna za kutoka. Damu haikuwepo wala dalili ya fisi. Viazi vyangu vilikuwa pale pale, vimedonolewa kila kimoja mara moja. Nilimpigia mjomba wa Kariandusi simu. Kabuti lilikuwa limeangikwa mlangoni kwake, halijatoka wiki nzima.

Usiku ule wa kwanza sikuweza kulala, nikamkuta mama jikoni anachokoa moto. Nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Chai aliinywa ikichemka. Kikombe kimoja. Ile ingine hakugusa."

"Sasa ukirudi siku ya pili ulikuwa unatafuta nini?"

Akachokoa moto tena. "Ilikuwa sauti yake," akasema. "Wewe unajua nimekaa miezi mingapi bila hiyo sauti?"

Nikamuuliza kama angeenda naye. Akaniambia nilete kuni, moto unazima.

Ni miaka miwili sasa. Viganja vyangu vina alama za kamba, na baridi ikizidi vinauma. Mluzi sipigi tena, nawaita ng'ombe kwa kugonga ndoo, na anayetaka kunicheka anicheke. Ndege wako kwenye kila boma huku isipokuwa letu. Wanatua kwa Mama Chebet, wanaruka juu ya paa letu, hawatui.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nisikilize. Siku hizi mnaweka sauti za marehemu wenu kwenye simu, mnazifungulia mkiwa peke yenu mkilia. Siwakatazi, hata mimi ningefanya. Lakini kabla hujaifungulia tena, toka nje kwanza uangalie ni nani mwingine anaisikiliza. Na mtu wa kijijini kwenu akikuambia kitu fulani huachwa, kiache, hata kama hana sababu ya kukupa. Mimi nilidai sababu, nikapewa.

Kila siku saa kumi, saa ya ule mluzi, nafungua redio jikoni, kwa sauti ya juu kabisa, mpaka majirani wananung'unika. Mama hajawahi kuuliza kwa nini. Anapika chai, tunakunywa, halafu mimi naenda kukamua. Na siku nyingine nikirudi na maziwa, namkuta ameketi karibu na dirisha, mikono imetulia mapajani, na redio imepunguzwa sauti.